Dolphine Ogada na Chepkemoi Wawili

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kuanzia Roret hadi Sigor, kwa wenye mashamba ya chai na kwa wenye macho kwenye mashamba ya wenzao, kwa machifu na manaibu wao, kwa wachungaji wa makanisa yote pamoja na lile lililogawanyika juzi kwa sababu ya spika, kwamba mwanamke mmoja, Bi. Dolphine Ogada, mkazi wa Kericho, ameunganisha Kericho na Bomet. Jambo hilo limewashinda wabunge. Limewashinda maaskofu. Limemshinda hata yule mkandarasi wa barabara aliyefika na greda, akapigwa picha na greda, akaondoka na greda. Bi. Dolphine amelifanya akiwa amekaa kitako, amevaa sweta mbili, katika chumba baridi kisicho na dirisha.

Makofi yangoje kidogo. Kwanza tujue aliunganisha nini.

Kuna kampuni ya majani chai ambayo sitaitaja, maana ina mawakili wanaolipwa kwa saa na wanaonekana kuwa na saa nyingi. Makao yake na kiwanda chake viko upande wa Kericho. Mwaka juzi ilinunua kampuni nyingine iliyoko Boito, kule Konoin, kaunti ya Bomet. Kila upande ulikuja kwenye ndoa hiyo na kompyuta yake kubwa, ile aina ya mainframe, ambayo watu wa mjini walidhani ilishakufa. Ya Kericho ni kabati jeusi lenye kimo cha friji ya buchari, lililonunuliwa kwa benki moja iliyokuwa imelichoka. Ya Boito ilitoka kwa kampuni ya bima iliyokuwa imechokwa na wateja.

Ndani ya kabati kama hilo hamna kompyuta moja, mna nyingi. Zinaitwa mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Inajua ina kumbukumbu yake, diski yake na kazi yake, kumbe kila kitu imekatiwa kipande kutoka kwa ile kubwa, kama mpangaji wa chumba kimoja anayesema "kwangu" huku choo, bomba na ukuta ni vya mwenye ploti. Mashine pepe moja inapokea kilo za majani kutoka mizani za vituoni, nyingine inapiga hesabu ya mishahara, nyingine inafuatilia magunia ya chai iliyokauka. Hazionani. Kila moja inaamini iko peke yake duniani, imani ambayo hata mameneja wengi wanayo.

Kati ya kabati la Kericho na kabati la Boito hapakuwa na njia yoyote ila Ombati. Ombati ni mwendesha pikipiki, Mkisii mwenye koti la mvua ambalo halivui hata jua likiwaka, na kila siku alibeba kanda za data kwenye begi la mgongoni kutoka Boito hadi Kericho. Wafanyakazi walimwita Kebo. Mvua ikipiga upande wa Mogogosiek, kampuni nzima, pamoja na bodi yake na mipango yake ya miaka mitano, ilingoja Ombati ang'oe pikipiki kwenye matope ndipo ijue imevuna nini.

Bodi ikaamua Ombati atolewe, mahali pake uwekwe waya. Mashine pepe za huku ziongee na za kule moja kwa moja, kana kwamba zimelala kabati moja. Kazi akapewa Dolphine.

Tusidanganyane kwamba alipewa kwa kuwa alikuwa bora kuliko wote. Alipewa kwa kuwa ni Mjaluo. Mkuu wa kompyuta Kericho ni Bwana Mosonik, na mkuu wa kompyuta Boito ni Madam Rodah. Wote ni Wakipsigis, lakini wa viwanda viwili ambavyo kwa miaka vimeibiana wakulima, wachezaji wa voliboli na, inasemekana, mchungaji mmoja. Mosonik akiongoza, Boito wangesema wamemezwa. Rodah akiongoza, Kericho wangeuliza nani alinunua nani. Ogada hana upande, basi Ogada akafaa, kama refa aliyeletwa kutoka kaunti ya mbali. Kwamba refa huyu alizaliwa pale pale Kericho, kwenye zahanati ya shamba, na anaongea Kikipsigis cha sokoni vizuri kuliko watoto wa Mosonik wanaosoma Nairobi, hakuna aliyekumbuka.

Baba yake, marehemu Gordon Ogada, alitoka pande za ziwa akaja kulisha kuni boila za kiwanda kwa mwaka mmoja, akalisha mpaka akastaafu. Alimwacha mkewe, Jerusa, na huyo binti, ndani ya nyumba ya kampuni: vyumba viwili vya mawe, bati jekundu, na kiwanja cha nyuma ambacho Jerusa amekijaza sukuma, mboga za osuga, na kuku ambao kwa sheria za kampuni hawapo.

Sheria yenyewe ya nyumba ni fupi. Ukiwa na kazi, unakaa. Ukikosa kazi, unahama. Gordon alipostaafu nyumba ilibaki kwa sababu Dolphine alikuwa ameshaandikwa kwenye chumba cha kompyuta, kwanza kama mbadilishaji wa kanda, baadaye kama msimamizi wa mashine pepe. Sasa kandarasi yake ilikuwa ukingoni, na Meneja Mkuu hakumzungusha. Kandarasi mpya ingesainiwa siku ambayo kompyuta mbili zingeungana mbele ya wageni. Zisipoungana, kazi ingeenda kwa kampuni ya Nairobi, ya vijana waliovaa viatu vilivyochongoka, na Dolphine angepewa asante na muda wa kufunga virago.

Kwa Jerusa, virago maana yake ni kurudi kwenye boma la marehemu mumewe, ambako shemeji zake walishapanda mahindi mpaka mlangoni pa nyumba ya Gordon, na ndani wakatia mbuzi. Jerusa amekaa Kericho tangu alipoolewa. Kanisa lake liko hapa, kikundi chake cha akina mama kiko hapa, na mguu wake mbovu umeshazoea baridi ya hapa. Alimwambia bintiye mara moja tu, akipalilia, kwamba yeye hahami akafukuze mbuzi wa mtu kitandani. Halafu akaendelea kupalilia. Hakurudia, na haikuhitaji kurudiwa.

Kuunganisha mainframe mbili si kazi ya kutoa jasho. Unavuta waya, unaandika mistari kadhaa, halafu unangoja kuona nani atakasirika. Dolphine alijaribu kwanza na mashine pepe ndogo zisizo na kazi ya maana. Moja ya Kericho ikasalimia ya Boito, ya Boito ikaitikia, jambo ambalo maofisi yenyewe hayakuwa yamefanya tangu kampuni zinunuane.

Lakini kuna sharti. Kompyuta mbili zikishaungana zinakuwa kama boma moja. Kila mashine pepe lazima iwe na jina lake peke yake, na mwenye jina akishaingia upande huu, haruhusiwi kuingia tena upande ule. Ni sharti zuri. Lingefuatwa kwenye uchaguzi wa vyama vya ushirika, wenyekiti kadhaa wangekuwa wanachuna majani leo.

Dolphine alilijua sharti hilo. Akampigia simu kila mkuu kwa wakati wake, akauliza kama mashine pepe za upande wao zina majina yoyote ya ajabu anayopaswa kujua. Mosonik alimjibu hapana, ni majina ya kawaida. Rodah alimjibu hapana, ni majina ya kawaida. Dolphine akashukuru, akaandika kwamba upande wa majina hakuna shida, akaenda kunywa chai. Hapo ndipo alipochoma mboga. Angeomba kuona majina yenyewe. Hakuomba, kwa sababu sherehe ilikuwa imekaribia, na kwa sababu Mosonik ukimwomba kitu, kwanza anakuuliza unakitakia nini, kisha anakupa historia ya kampuni tangu wakati wa wazungu.

Sasa, Mkipsigis akikwambia jina ni la kawaida, anakwambia nini? Mtoto wa Kikipsigis hubeba saa yake mgongoni. Msichana aliyezaliwa kukipambazuka ni Chepkoech. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Cherop. Aliyezaliwa usiku ni Chepkemoi. Mosonik alipowasha mashine pepe yake ya kwanza, aliangalia saa, akaipa jina bila kufikiri, jinsi mtu anavyofunga vifungo vya shati. Hakuona sababu ya kumweleza mtu. Kule Boito, Rodah alifanya vilevile, naye hakueleza mtu, maana nani anatangaza kwamba amefunga vifungo?

Wote wawili walizipa majina ya kike. Mosonik ana sababu yake: kitu kinachofanya kazi kutwa bila kushukuriwa hakiwezi kuwa mwanamume. Rodah naye ana yake: mashine haijawahi kumwomba ruhusa ya kwenda kuangalia mpira.

Na mashine pepe ya kwanza huwashwa lini? Wakati kiwanda kimetulia na hakuna mtu anayetuma kilo, yaani usiku. Kwa hiyo kila upande, mzaliwa wa kwanza, aliyepewa kazi nzito kuliko zote ya kupokea kilo za majani, alikuwa Chepkemoi. Zilizofuata ziliwashwa saa zilizoachana, zikaponea. Tena kompyuta hizi hukubali jina la herufi nane, si zaidi, basi pande zote mbili, bila kushauriana, zilimkata herufi ya mwisho akabaki CHEPKEMO. Hata kovu walifanana.

Sherehe ilifanyika Alhamisi asubuhi, kwenye uwanja wa kiwanda cha Kericho. Hema mbili nyeupe. Hema moja ya wenyeji, hema nyingine ya wageni wa Boito walioletwa na basi la kampuni wakiimba njia nzima. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, na juu ya kitambaa kitufe chekundu ambacho mwenyekiti wa bodi angekibonyeza kuunganisha kompyuta. Kitufe hicho ni cha kengele ya mlango. Kilinunuliwa duka la vifaa na hakikufungwa kwenye kitu chochote. Kando yake ilisimamishwa skrini kubwa yenye safu mbili, kilo za Kericho na kilo za Boito, zikipanda kadiri makarani wa vituoni walivyokuwa wakipima majani ya wakulima asubuhi hiyo.

Mchungaji aliomba. Kwaya ya wapakiaji ikaimba. Mwenyekiti akabonyeza kengele ya mlango wa hewani, na ndani ya chumba baridi, Dolphine akafanya kazi yenyewe.

Kabati la Kericho likazimwa na kuwashwa upya ili liingie kwenye muungano, ambamo la Boito lilikuwa limeshatangulia. Mashine pepe zake zikaamka moja moja, zikajitambulisha, zikakaribishwa. Ikafika zamu ya Chepkemo. Kompyuta ikamjibu kwa adabu kwamba Chepkemo yuko ndani tayari, yuko Boito, kwa hiyo yeye abaki nje.

Mizani za Kericho hazijui siasa. Zilikuwa na kilo mkononi, zikatafuta Chepkemo wa kuzipokea, zikampata kwa huo waya mpya, zikampa.

Kule nje, safu ya Kericho ikaganda ilipokuwa. Safu ya Boito ikaanza kupanda kwa mwendo ambao Konoin haijauona tangu ipandwe mche wa kwanza. Hema ya Boito ikapiga vigelegele. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alisimama akawaeleza majirani zake kwamba yeye amesema siku zote, majani ya kwao ni mazito. Hema ya Kericho ilikaa kama mashabiki waliofungwa bao na kipa wao wenyewe. Mwenyekiti, ambaye hotuba yake ilikuwa bado mbichi, alielekeza kidole kwenye skrini akasema hayo ndiyo matunda ya teknolojia.

Ndani, simu zikaanza. Karani wa kituo kimoja alisema wakulima wake wanapata ujumbe kwenye simu kwamba majani yao yamepokelewa na kiwanda cha Boito, na kwamba wameanza kuteremsha magunia kutoka kwa lori. Karani wa pili alisema wake hawajateremsha, lakini wamemkalisha dereva chini na wanamuuliza maswali.

Dolphine aliangalia skrini yake akaona Chepkemo mmoja ndani na Chepkemo mmoja mlangoni. Akaelewa, na akaelewa pia ni nani hakuomba kuona majina.

Angeweza kukata waya. Kila mmoja angerudi kwake, kilo zingenyooka, na muungano ungekuwa umedumu kwa urefu wa wimbo mmoja wa kwaya, mbele ya hema mbili za mashahidi. Kandarasi ingeisha hapo hapo. Au Chepkemo mmoja angebadilishwa jina, kazi ndogo kabisa. Shida ni kwamba tangu zilipoungana, majina yalikuwa mali ya pande zote, na kompyuta haikukubali jina libadilishwe mpaka wakuu wote wawili watie paswadi zao.

Akatuma watu wamtoe Mosonik kwenye kiti cha mbele. Akampigia Rodah, aliyebaki Boito kulinda kabati lake. Simu ikawekwa mezani, spika wazi, na Dolphine akawaeleza.

Kila mmoja alisikia kwanza kwamba ameibiwa. Mosonik alitaka kujua Boito walilipata wapi jina la mashine yake. Rodah alitaka kujua ni lini Kericho walisajili usiku kuwa mali yao.

"Madam, sikiza," Mosonik alisema. "Yetu ndiyo ya kwanza. Mkubwa habadilishi jina ati kwa sababu mdogo amezaliwa."

"Ya kwanza lini?"

Akataja mwaka. Rodah akataja wake, na wake ulikuwa umetangulia.

Mosonik akakohoa, akahamisha shitaka. "Hata hivyo ninyi ndio mlikuja. Anayeolewa ndiye huzoea boma."

"Nani ameolewa? Sisi tulikuja na kiwanda chetu na lori zetu, na mpaka leo boila yenu inachoma kuni za kwetu. Hiyo si bibi harusi, Mosonik. Hiyo ni mwenye ploti amekuja kuangalia mpangaji."

Dolphine akaingilia kati akapendekeza waitwe Chepkemo wa kwanza na wa pili, kwa namba. Rodah aliuliza nani atakuwa wa pili. Mosonik alisema hata akiwa wa kwanza hataki, kwani mtoto hapigwi namba kama ng'ombe wa mnada. Basi mmoja aitwe Chepkoech, Dolphine akasema. Hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, wakuu wawili walikubaliana: haiwezekani. Mashine haikuwashwa alfajiri. Jina unaweza kulikata mkia ikibidi, kompyuta ikikataa utafanya nini, lakini saa ya kuzaliwa haidanganywi. Rodah akasema hata kwa kitambulisho cha serikali, ambako kila kitu kinadanganywa, hilo halidanganywi.

Mlango ukafunguka, Meneja Mkuu akaingiza kichwa. Kule nje kwaya ilikuwa imeombwa irudie wimbo, na mwenyekiti alikuwa anageuza karatasi za hotuba kutafuta mahali ambapo hajapita.

"Ogada, mbona yetu imelala?"

"Tunaishughulikia, Meneja."

"Watu wakimaliza kula na bado imelala, usinitafute. Na hiyo nyumba, jua kuna watu wameiomba."

Kichwa kikatoka. Mosonik alijifanya kusoma maandishi ya kizima-moto. Rodah naye alikuwa amesikia kwenye simu, akasema pole. Lakini mtu kumwonea mwenzake huruma ni jambo moja, na kuachilia jina ni jambo lingine. Rodah akarudi kwenye kesi, na kwa kuwa Mosonik hakuwa anatikisika, akamgeukia aliyekuwa karibu.

"Na wewe Ogada umekaa hapo kimya kama padre kwa kesi ya mpaka wa shamba. Wewe mwenyewe ulizaliwa saa ngapi?"

"Usiku, Madam."

"Si basi hata wewe ni Chepkemoi. Sasa tuko na watatu."

"Kwetu ni Atieno," Dolphine alisema. "Ndilo mama aliniita. Hiyo Dolphine ni ya kanisa."

Mosonik aliacha kusoma kizima-moto. Akaanza kugonga meza kwa kidole, polepole, herufi moja kila pigo.

"Sita," akasema. "Inaingia yote?"

"Inaingia, Mzee, na nafasi inabaki."

"Na ni usiku kabisa? Isije ikawa ni ya jioni jioni."

"Jioni ni Adhiambo."

Mtu aliyemjua Mosonik angeona uso wake ukifanya hesabu. Kumwachia Rodah jina ilikuwa aibu. Lakini kupata jina lingine la usiku ule ule, tena jina lisilopunguzwa, haikuwa kuacha, ilikuwa kupata. Akainama juu ya simu.

"Madam, kaa na lako. Lakini ujue lako limekatwa mkia. Letu litakuwa zima."

"Nenda nalo," Rodah alisema. "Mimi nabaki na Chepkemoi wangu. Wewe, Arap Mosonik, mwenye mashamba tangu wakati wa wazungu, kilo zako zitapokelewa na Mjaluo."

"Atapokea vizuri kuliko wako."

Wakatia paswadi zao haraka, kila mmoja na haraka ya mtu anayeamini amemlalia mwenzake na anaogopa asigundue.

Mashine pepe iliyokuwa mlangoni ikaitwa ATIENO, ikajitambulisha, ikaingia. Mizani za Kericho zikaonyeshwa njia ya kwao. Dolphine akazirudisha pia zile kilo zilizokuwa zimevuka kwenda Boito, na nje kule safu ya Boito ikashuka ghafla. Mzee mwenye kofia ya manyoya akakaa chini, akaomba maji.

Sasa skrini ile ilikuwa imetengenezwa kuonyesha, muungano ukishakamilika, juu ya kila safu, jina la mashine iliyokuwa inapokea. Hema ya Kericho ikainua macho ikakuta kilo zake zimeamka, na juu yake pameandikwa ATIENO. Minong'ono ikapita viti kwa viti. Mama mmoja aliuliza huyo Atieno ni nani na ana ekari ngapi. Mtu akamjibu kwamba amesikia kampuni imeuzwa kwa watu wa ziwa, na kabla sahani za pilau hazijafika safu ya nyuma, bei ya mauzo ilikuwa inajulikana. Wazee wawili walisimama waende kumuuliza mwenyekiti. Walipofika nusu ya njia, safu ya Atieno ikaipita ya Boito.

Wakakaa. Muda mfupi baadaye hema nzima ya Kericho ilikuwa inamshangilia Atieno kwa jina, kama mkimbiaji wa kwao anayeingia raundi ya mwisho, na yule mama wa ekari alikuwa anawaambia watu kwamba anamfahamu, ni msichana mzuri.

Mwenyekiti alikuwa na kipaji kimoja cha kweli, nacho ni kutambua gari limeelekea wapi na kuliruka likiwa mwendoni. Alitupa karatasi za hotuba. Alieleza kwamba bodi ilikaa vikao vingi kutafuta jina hili, kwamba kampuni inataka Mkipsigis, Mjaluo na Mkisii wachume pamoja, na akatafuta kwa macho Mkisii wa kuonyesha. Ombati alipatikana kando ya pikipiki, ameshika sahani. Alishangiliwa pia. Halafu akanong'onezwa aache kula kidogo, apeleke pilau Boito kwa Madam Rodah, ambaye amekumbukwa sasa hivi.

Wakati huo Dolphine alikuwa bado kwenye chumba baridi, anasoma ujumbe kwenye simu yake. Ulitoka kwa mama yake. Jerusa alikuwa amesikia kelele za uwanjani kutoka kwenye kiwanja chake cha osuga, jirani akamkimbilia kumwambia watu wanaita Atieno, na hakuna aliyejua kama wanaita kwa wema au kwa ubaya. Sasa alikuwa anauliza jambo moja. Kuku aliwafunga miguu tangu alfajiri, lolote likitokea wawe tayari kwa safari. Je, awafungue?

Dolphine akamwandikia kwamba angoje kwanza.

Akaitwa nje. Alitoka na sweta zake zote mbili, kwenye jua, akapandishwa jukwaani kati ya Meneja Mkuu aliyekuwa anapiga makofi kuliko wote na Mosonik aliyekuwa anapokea pongezi kwa mikono miwili. Mwenyekiti akamshika bega. Aliuambia umati kwamba siku moja watoto wa watoto wao wataulizana walikuwa wapi Kericho ilipoungana na Bomet, kwamba mashine mbili kubwa zilizokuwa hazijuani leo ni ndugu, na kwamba yote hayo yamebebwa na jina moja. Hata kwaya ikaacha kutafuna.

"Binti yetu," mwenyekiti alisema, akampa kipaza sauti, "hebu wafungulie wananchi hawa. Hili jina Atieno, kwa ndani kabisa, lina maana gani?"

Dolphine alikishika kipaza sauti, akakiangalia, akamgeukia Meneja Mkuu.

"Maana yake alizaliwa usiku," akasema. "Kandarasi nasaini wapi?"